Uzi: Maada ya giza ilipikwaje? Sekunde ya kwanza ya ulimwengu na ukoko uliobaki

#1 – Mleta mada

Wakuu, salaam.

Nyuzi nyingi za maada ya giza humu jukwaani huishia kwenye ubishi wa "ipo, haipo". Leo nataka tusogee mbele kidogo. Tuseme ipo. Je, ilitoka wapi? Ilipikwa kwa moto gani, na kwa nini ikabaki kiasi hiki na si zaidi au pungufu?

Nianze na kipimo. Chombo cha Planck cha Shirika la Anga la Ulaya kilichunguza mwanga wa kale kuliko wote, ule ulioachiwa huru ulimwengu ulipokuwa na miaka 380,000 hivi. Matokeo yaliyotolewa 2018 yanasema maada ya kawaida, yaani mimi na wewe, bahari, jua na nyota zote, ni karibu asilimia 5 ya vyote vilivyopo. Maada ya giza ni kama asilimia 27. Kinachobaki ni nishati ya giza, hiyo tuiache. Maana yake kila kilo moja ya vitu tunavyovijua ina wenzake zaidi ya kilo tano za kitu kisichotoa mwanga, kisichozuia mwanga, na kisichotupa hata kivuli.

Hiyo "tano na ushei" ishikeni vizuri, kwa sababu uzi mzima unaizunguka. Ni kama kuingia jikoni wali umeshaliwa na wapishi wameondoka. Ukoko uko chini ya sufuria. Ukiupima na kuutazama, unaweza kukisia moto ulikuwa mkali kiasi gani na sufuria ilikaa jikoni muda gani. Hicho ndicho wanafizikia wanachofanya na maada ya giza: wanasoma ukoko.

Njia ya kwanza ni hii. Sekunde ya kwanza haijatimia. Ulimwengu ni moto mtupu, na nishati inageuka chembe, chembe zinarudi kuwa nishati, huku na huku. Chembe mbili za giza zikigongana zinaangamizana na kuacha chembe za kawaida. Chembe za kawaida nazo zikigongana kwa nguvu zinazaa za giza. Mapato na matumizi yako sawa.

Kisha ulimwengu unapanuka na kupoa. Inafika mahali joto halitoshi tena kuzaa chembe nzito namna ile. Mapato yamekatika, matumizi yanaendelea, na idadi inaporomoka vibaya. Kwa mwendo huo ilitakiwa isibaki hata moja ya kutajwa. Kilichoziokoa ni mpanuko wenyewe. Chukulia gulio ambalo geti la kuingilia limefungwa, na kila wawili wanaokutana wanashikana mkono na kwenda zao. Uwanja ungekaa ulivyo, ungebaki mtupu. Lakini uwanja huu unatanuka kila dakika. Mwishowe waliobaki wametawanyika mno, mtu anaweza kutembea maisha yake yote asikutane na mwenzake. Hao ndio mabaki, na idadi yao haibadiliki tena. Wataalamu wanasema chembe "zimeganda".

Kwa chembe yenye masi mara 100 ya protoni, kuganda huko hutokea joto likishuka hadi sehemu moja ya 20 au 25 ya nishati iliyofungwa kwenye masi yake. Hapo jotoridi ni nyuzi trilioni 50 hivi, kama mara milioni tatu ya kiini cha jua. Saa ya ulimwengu inasoma sehemu mbili hivi za sekunde iliyokatwa vipande milioni mia.

Jambo la kuzingatia: chembe zinazoshirikiana kwa nguvu zaidi huacha mabaki KIDOGO, maana zinakutana kirahisi na kuangamizana. Lee na Weinberg walipiga hesabu ya namna hii mwaka 1977 kwa nyutrino nzito (nyutrino ni chembe isiyo na chaji, inayopita kwenye vitu karibu bila kuvigusa). Na ukiweka kwenye hesabu nguvu ya ushirikiano inayofanana na ya kani dhaifu ya nyuklia, kani ambayo tunaijua kwa sababu nyingine kabisa, mabaki yanakuja karibu sana na yale yaliyopimwa angani. Hakuna aliyeisukuma hesabu ifike hapo. Wakaita muujiza wa wimpi, na wimpi ndilo jina la chembe hizo. Kizazi kizima cha wanafizikia kilijenga maisha yake juu ya hesabu hiyo, na mimi siwalaumu. Ni nzuri.

Njia nyingine zinakuja. Naomba kuwasilisha sehemu ya kwanza.

#2 – Binti Nyota

Mkuu, nondo imeshuka. Nimeweka kambi.

Swali langu: hiyo habari ya kuganda umeieleza kama mtu aliyekuwepo. Kuna ushahidi gani kwamba jambo la namna hiyo liliwahi kutokea, au ni hesabu za karatasini tu?

#3 – Mleta mada

Binti Nyota, swali lako ndilo nguzo ya uzi huu.

Kwa maada ya giza yenyewe hatuna ushahidi huo. Lakini mchakato wa kuganda umeonekana kwa chembe nyingine tunazozifahamu. Nyutrino za kawaida ziliachana na chembe nyingine ulimwengu ukiwa na umri wa sekunde moja hivi. Hadi leo zimo kila mahali: hesabu inatoa karibu 336 katika kila sentimita moja ya ujazo, aina zote tatu zikijumlishwa. Ni baridi mno kuzinasa moja moja, lakini uzito wao uliacha alama kwenye mwanga ule wa kale. Planck ilipokadiria aina za nyutrino kutoka kwenye alama hiyo ilipata karibu 3, sawasawa na zile tunazozijua maabara.

Kuna heliamu pia. Wakati huohuo, neutroni na protoni ziliacha kubadilishana, na uwiano wake ukakwama kwenye neutroni moja kwa protoni sita hivi. Neutroni chache zikaoza, na dakika chache baadaye karibu zote zilizobaki zikafungwa ndani ya heliamu. Ukikokotoa unapata heliamu ya karibu robo ya masi ya maada ya kawaida. Wanaastronomia wakipima gesi ambayo haijachafuliwa sana na nyota, wanakuta robo.

Kwa hiyo tunajua kwamba ulimwengu ukiwa na sekunde moja ulifanya kazi hivi. Wimpi inatutaka turudi nyuma zaidi, hadi sehemu ya mamilioni ya sekunde, ambako hakuna mabaki mengine ya kutuongoza. Inawezekana ukoko wa maada ya giza ndio kumbukumbu pekee ya saa ile.

Na kabla mtu hajauliza: nyutrino hizi haziwezi kuwa ndizo maada ya giza. Ni nyepesi mno, na zilizaliwa zikikimbia karibu na mwendo wa mwanga, kwa hiyo zingefuta vijilima vidogo vya maada kabla galaksi hazijaanza kujikusanya. White, Frenk na Davis walilionyesha hilo kwa kompyuta mwaka 1983. Mpishi yeyote atakayekuja na mapishi mapya lazima atoe chembe zinazotembea polepole. Hilo ni sharti.

#4 – Mzee wa Shaka

Mleta mada nakuheshimu, umejipanga. Lakini niruhusu nisimame upande wa pili.

Mwaka 1846 sayari Uranus ilikuwa haifuati njia yake. Le Verrier akasema kuna sayari haijaonekana inaivuta. Wakaelekeza darubini, wakaikuta Neptune. Safi. Baadaye huyohuyo akaona Zebaki nayo haifuati njia, akasema kuna sayari nyingine karibu na jua, wakaipa na jina, Vulcan. Ilitafutwa miongo kadhaa. Haikuwepo. Tatizo lilikuwa sheria ya mvutano yenyewe, na Einstein akaja kuirekebisha mwaka 1915.

Sasa mimi nitajuaje kwamba hii maada yenu ni Neptune na si Vulcan? Milgrom alipendekeza mwaka 1983 kwamba turekebishe sheria za mwendo pale mvuto unapokuwa dhaifu sana, na pendekezo lake linaeleza mzunguko wa galaksi vizuri tu bila chembe mpya. Mnapika chakula ambacho hamjathibitisha kama kipo.

#5 – Mwana wa Ngomeni

Salaam alaykum wadau. Huwa nasoma tu, lakini hapa imenibidi niandike, kwa sababu sehemu ya jibu iliondokea kwetu pwani.

Hapa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini, ya Waitaliano, yanaitwa San Marco. Wavuvi wa huku wote wanayajua. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka pale ikiwa na satelaiti ya Marekani ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa kazi ya kuchunguza anga kwa miale ya eksirei peke yake. Kwa ajili ya siku ile ikapewa jina UHURU. Kiongozi wa utafiti wake, Riccardo Giacconi, alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alitazama kundi la galaksi la Coma, akaona galaksi zake zinakimbia mno, kundi lilitakiwa liwe limeshasambaratika. Akasema kuna maada isiyoonekana inayolishikilia. Hakusikilizwa sana. Uhuru ilipolitazama kundi hilohilo, ikakuta eksirei zinatoka kwenye eneo pana, si nukta moja. Ikaja kueleweka kwamba ni gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, imejaa katikati ya galaksi. Gesi ya moto kiasi hicho haikai mahali pamoja bila mvutano mkubwa wa kuizuia, na ukijumlisha nyota zote pamoja na gesi yenyewe, mvutano haufiki.

Mzee wa Shaka, kwa hiyo hoja si mzunguko wa galaksi peke yake. Makundi ya galaksi nayo yanadai, na ninavyofahamu hata pendekezo la Milgrom linakwama hapo, linabaki likihitaji maada fulani isiyoonekana.

Nikiwa mtoto niliyaona yale majukwaa kila siku bila kujua yalifanya nini. Nimejua ukubwani. Inaniuma kidogo kwamba hatukufundishwa.

#6 – Mleta mada

Mwana wa Ngomeni, Allah akuzidishie. Nilikuwa naijua Uhuru kama satelaiti. Habari ya Coma sikuwahi kuiunganisha na bahari yetu.

Mzee wa Shaka, mfano wa Vulcan ni wa haki na kila anayesoma mambo haya anapaswa kuubeba mfukoni. Mimi kilichonisukuma upande huu ni makundi mawili ya galaksi yaliyogongana na kupitana, picha yake ilichapishwa 2006, wanayaita Kundi la Risasi. Gesi ya moto, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maada ya kawaida mle, ilisuguana ikabaki nyuma katikati. Lakini ukipima mahali mwanga wa galaksi zilizo nyuma yake unapopindishwa zaidi, yaani mahali penye uzito, ni pembeni, kando ya gesi. Uzito na gesi vimeachana. Kubadilisha sheria ya mvutano peke yake kunapata taabu kueleza uzito ulio mahali ambapo maada ya kawaida ni chache. Na yale mawimbi kwenye mwanga wa kale yaliyopimwa na chombo cha Planck yanataka kitu chenye uzito ambacho hakikusukumwa na mwanga. Mimi naona Neptune. Lakini darubini haijafika, hilo nakubaliana nawe kabisa.

#7 – Kijana wa Geita

Sasa mkuu, si walishachimba mashimo kuzitafuta hizo wimpi? Mimi nafanya kazi mgodini, nimesikia kuna mgodi wa dhahabu Marekani wamegeuza maabara. Kama hawajapata, si muujiza umekufa?

#8 – Mleta mada

Kijana wa Geita, umesikia sawa. Ni mgodi wa zamani wa Homestake, South Dakota. Karibu kilomita moja na nusu chini ya ardhi wameweka pipa lenye tani 10 za zenoni ya kimiminika, tani 7 zikiwa ndiyo sehemu inayotumika kwa vipimo. Mtambo unaitwa LZ. Mwamba wa juu unazuia miale ya angani isiwasumbue. Italia, chini ya mlima Gran Sasso, kuna XENONnT. China kuna PandaX. Wanangoja wimpi igonge kiini cha zenoni na kutoa mmweko mdogo.

Kuna hesabu moja naipenda. Maeneo yetu ya galaksi, kama chembe ya giza ina masi mara 100 ya protoni, ndani ya chupa ya lita moja mezani kwako kuna kama tatu kwa wakati wowote, zinapita kwa kilomita mia mbili na zaidi kwa sekunde. Zinaingia na kutoka bila chupa kuhisi kitu.

Hadi matokeo ya LZ ya 2024, hakuna mmweko uliothibitika kuwa wa wimpi. Mitambo imekuwa makini kiasi kwamba wimpi nyingi za rahisi zimeshafutwa. Muujiza haujafa, maana chembe inaweza kuangamizana na mwenzake kwa njia isiyogusa sana viini vya atomu, au ikawa nzito zaidi. (Uzito nao una kikomo: Griest na Kamionkowski walionyesha mwaka 1990 kwamba kwa njia ya mabaki haiwezi kuzidi masi za protoni laki chache hivi.) Lakini umedhoofika, na ndiyo maana njia ya pili imepata wapenzi.

Njia ya pili ni kinyume cha ile ya kwanza. Hapa chembe ya giza haikuwahi kuwa sehemu ya ule moto. Ulimwengu ulianza bila hizo chembe, au karibu bila. Ushirikiano wake na chembe za kawaida ni dhaifu mno, kwa kipimo cha sehemu moja ya trilioni hivi. Kila mara moja moja, mgongano wa chembe za kawaida unadondosha chembe ya giza, na ikishadondoka hairudi.

Wote tumewahi kulala chini ya bati lenye tundu la msumari. Nje mvua ya masika, ndani ndoo tupu. Tone, kimya, tone. Mvua ikikatika, maji yaliyomo ndooni ndiyo hayohayo. Ulimwengu ulipopoa mvua ilikatika, ndoo ikabaki na kiasi chake. Hall na wenzake watatu ndio walioipanga vizuri njia hii katika kazi iliyotoka 2009, ingawa wazo lilikuwepo kabla.

Sasa linganisha. Kwenye gulio, ushirikiano ukiwa mkubwa, mabaki ni machache. Kwenye ndoo, tundu likiwa kubwa, maji ni MENGI. Sheria mbili zinazopingana kabisa, na zote mbili zinaweza kutoa ile "tano na ushei". Ukoko mmoja, mapishi mawili. Hili ndilo lililonifanya nianzishe uzi. Watu wanasema mitambo ya chini ya ardhi haijapata kitu kwa hiyo maada ya giza haipo. Hapana wakuu. Chembe za matone, nyingi katika hizo, hazitarajiwi kuonekana kwenye pipa la zenoni. Tundu lake ni dogo mno. Kimya cha mgodini kinasema kitu kuhusu mapishi. Kuhusu kuwepo kwa chakula hakijasema.

#9 – Binti Nyota

Na aksioni? Nimeona inatajwa sana siku hizi.

#10 – Mleta mada

Aksioni inastahili bandiko lake.

Haikubuniwa kwa ajili ya maada ya giza. Peccei na Quinn mwaka 1977 walikuwa wanatafuta kwa nini kani kali, ile inayofunga viini vya atomu, haibagui kati ya maada na antimaada (pacha wake mwenye chaji kinyume) iliyotazamwa kwenye kioo, wakati hesabu inairuhusu ibague. Mwaka uliofuata Weinberg na Wilczek wakaona kwamba suluhisho lao linaleta chembe mpya. Wilczek akaiita kwa jina la sabuni ya kufulia, kwa kuwa ilisafisha doa. Mwaka 1983 makundi matatu ya watafiti, kila moja kivyake, yakagundua kwamba chembe hiyo ingeachwa kwa wingi angani.

Namna ilivyozaliwa haifanani na gulio wala ndoo. Chukua bembea, ivute pembeni, lakini iko ndani ya tope zito. Ukiiachia haisogei. Tope ni mpanuko wa ulimwengu mchanga, uliokuwa wa kasi sana. Kadiri mpanuko unavyopungua kasi, tope linalegea, na siku moja bembea inaanza kwenda na kurudi. Hakuna aliyeisukuma, nguvu yake yote ilikuwa kwenye ule mvuto wa pembeni tangu mwanzo. Kubembea huko, angani kote kwa pamoja, ndizo aksioni. Zinazaliwa karibu zimesimama tuli, kwa hiyo ni baridi ingawa ni nyepesi ajabu, na lile sharti la mwendo wa polepole zinalitimiza bila shida.

Nyepesi kiasi gani? Masi inayotajwa mara nyingi ni kama sehemu moja ya bilioni 50 ya elektroni. Ili uzito utimie, kwenye kila sentimita moja ya ujazo zinahitajika kama trilioni 30. Kumbukeni wimpi tatu kwa lita.

Kuziwinda kunafanana na kutafuta stesheni kwenye redio. Ndani ya sumaku kali, aksioni inaweza kugeuka wimbi la redio. Yenye masi niliyoitaja ingesikika kwenye masafa ya GHz 2.4, jirani kabisa na Wi-Fi ya nyumbani kwako. Mtambo wa ADMX, Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, una chumba cha chuma kilichopozwa mno, na watu wake wanazungusha kitafutio polepole, kipande kwa kipande cha masafa. Mimi nikiulizwa moyo wangu uko wapi, uko pale.

#11 – Mzee wa Shaka

Na mashimo meusi ya kale? Hayo hayahitaji chembe mpya.

#12 – Mleta mada

Kweli mzee wangu. Zel'dovich na Novikov mwaka 1967, kisha Hawking 1971, walifikiri kwamba sehemu zilizosongamana kupita kiasi mwanzoni zingeporomoka na kuwa mashimo meusi hata kabla ya nyota. Sehemu kubwa ya vipimo vya masi imeshabanwa na uchunguzi. Iliyobaki wazi zaidi ni ya mashimo yenye masi kama ya asteroidi.

Nyingine kwa ufupi: nyutrino tasa, isiyoguswa hata na kani dhaifu, ambayo Dodelson na Widrow walipendekeza 1994 kwamba ilizaliwa kwa nyutrino za kawaida kujigeuza kidogokidogo, ingawa darubini za eksirei zimeibana sana. Pia kuna chembe nzito mno, trilioni kadhaa za protoni, ambazo mvutano peke yake ungezizaa mwishoni mwa mfumuko wa ulimwengu, yaani ule mpanuko wa ghafla wa mwanzoni kabisa. Na wapo wanaosema maada ya giza ilibaki kama ilivyobaki ya kwetu, kwa sababu upande mmoja ulizidi kidogo antimaada yake. Hapo chembe ingekuwa na masi kama tano za protoni, na ile "tano" ingepata maelezo ya moja kwa moja.

#13 – Mwalimu wa Kidato

Mleta mada, nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita. Nataka kuwafanyia wanafunzi hili la gulio uwanjani: wanafunzi wamefungwa vitambaa macho, wakigusana wawili wanatoka, na wenzao wanashika kamba ya mpaka wakirudi nyuma taratibu. Litafaa?

#14 – Mleta mada

Litafaa sana mwalimu. Rudia mara mbili: mara ya kwanza waruhusu kunyoosha mikono, mara ya pili mikono ikae mfukoni. Hesabu waliobaki kila mara. Wenye mikono iliyonyooka watabaki wachache, na hapo watakuwa wamejionea kwa nini ushirikiano mkubwa huacha mabaki kidogo.

Kisha weka ndoo tupu katikati. Wapitishe darasa zima mbio kuizunguka, kila mmoja ana kokoto moja, na atakayeangusha yake ndani asiitoe. Baada ya dakika moja piga filimbi. Wabadilishie ndoo, waletee yenye mdomo mpana zaidi, warudie. Usiwaambie jibu mapema. Waache walinganishe wenyewe madaftari ya mchezo wa kwanza na wa pili, halafu njoo utuambie hapa walisema nini.